Kupima, Kukata, Kuzungusha: Jadi Tatu za Kuujua Utando wa Maji

Utando wa polima unaosafisha maji haujitambulishi kwa macho. Ukiushika ni kama karatasi nyeupe, laini, isiyo na alama. Ukiuinua kwenye mwanga huoni tundu hata moja. Lakini maji ya bahari yakisukumwa juu yake kwa shinikizo kubwa, upande wa pili hutoka maji ya kunywa na chumvi ikabaki nyuma. Kazi hiyo hufanywa na tabaka la juu lenye unene wa nanomita mia moja au mia mbili, mara mia kadhaa pungufu ya unene wa unywele. Chini yake pana tabaka nene lenye vitundu, kazi yake ni kulibeba la juu lisipasuke. Kwa nini utando huu hupitisha maji mengi na ule machache? Kwa nini huu huziba baada ya miezi na ule hudumu miaka? Majibu yote yamo humo ndani.

Binadamu amejaribu kuyajua ya ndani ya chujio kwa njia tatu, na kila njia imejijengea jadi yake, yenye waasisi wake, vyombo vyake, namna yake ya kutoa ushahidi, na mambo isiyoyaona. Ya kwanza hupima kinachoingia na kinachotoka. Ya pili hukata na kutazama kipande. Ya tatu, changa kuliko zote, huuzungusha utando mbele ya miale, kisha hesabu huujenga upya katika urefu, upana na kina chake. Makala haya yanazilinganisha jadi hizo. Hoja yangu ni kwamba kila moja huuliza swali lake, na makosa huanza pale jibu la swali moja linapochukuliwa kuwa jibu la jingine. Picha ya pande tatu imetuonyesha makubwa, lakini haipati uzito wake mpaka ipelekwe mbele ya hakimu wa jadi ya kwanza, yaani maji yenyewe.

Jadi ya kupima

Jadi ya kupima ndiyo kongwe, na haina mtu mmoja anayeweza kudai kuianzisha. Wanawake wa vijiji vya Sudan kando ya Nile walijua, kabla ya maabara yoyote kuandika habari zao, kwamba unga wa mbegu za mlonge ukikorogwa katika maji ya tope, tope hukusanyika na kuzama. Hawakuhitaji kuiona protini ya mbegu yenye chaji chanya ikizivuta chembe za udongo zenye chaji hasi. Walitazama mtungi wakaona maji yaliyokuwa mazito yamekuwa maangavu. Huo ni upimaji kamili: kuna hali ya mwanzo, kuna tendo, kuna hali ya mwisho, na kuna mtu mwenye haki ya kuamua kama tofauti inatosha.

Ulaya ya karne ya 19 ilifikiri kwa namna hiyohiyo, ila kwa takwimu. Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, Ujerumani, kikaua zaidi ya watu 8,000. Mji wa Altona ulipakana na Hamburg mtaa kwa mtaa, tena uliteka maji kutoka mto uleule wa Elbe, chini ya pale Hamburg ilipomwaga maji taka yake. Kwa mantiki ya kawaida Altona ingeumia zaidi. Haikuwa hivyo, ugonjwa uliigusa kidogo tu. Altona ilichuja maji yake kwa mchanga, na Hamburg haikuchuja. Robert Koch alipoichambua tofauti hiyo hakuwa na picha yoyote ya ndani ya tabaka la mchanga. Alikuwa na mpaka wa mtaa, vifo upande mmoja na uzima upande wa pili, na huo ulitosha kuwashawishi watawala wa miji.

Jadi hii hufundisha hata inaposhindwa. Mwaka 1884 Charles Chamberland, aliyefanya kazi na Louis Pasteur, alitengeneza chujio la kaure isiyong'arishwa, lenye vitundu vidogo kiasi cha kuzuia bakteria. Dmitri Ivanovsky mwaka 1892, na baada yake Martinus Beijerinck mwaka 1898, walipitisha utomvu wa tumbaku yenye ugonjwa katika machujio ya namna hiyo, wakakuta kwamba kilichopita bado kiliambukiza mimea mizima. Kulikuwa na kitu kidogo kuliko bakteria. Elimu ya virusi ilianzia kwenye kitu ambacho chujio halikuweza kukizuia, na hakuna aliyekuwa amekiona.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Heinrich Bechhold aliipa jadi hii kipimo chake cha kifahari. Lowesha utando, sukuma hewa kutoka upande mmoja, na uongeze shinikizo taratibu mpaka povu la kwanza litokeze upande wa pili. Shinikizo hilo hukuambia upana wa tundu kubwa kuliko yote. Zaidi ya miaka mia moja imepita na viwanda bado vinatumia kipimo hicho kila siku, kwa sababu kinauliza swali ambalo mnywaji wa maji angeuliza: je, kuna mahali adui anaweza kupenya?

Ushindi mkubwa kuliko wote wa jadi ya kupima ulitokea Los Angeles. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan, wakiwa Chuo Kikuu cha California, walikuwa wakijaribu tando za selulosi asetati kwa ajili ya kutoa chumvi katika maji. Tando za wakati huo zilizuia chumvi vizuri lakini zilipitisha maji kwa matone. Katika majaribio yao waligundua jambo la ajabu: utando ulijali upande upi umeelekezwa kwenye maji ya chumvi. Ukiuweka hivi, unafanya kazi, ukiugeuza, haufai. Kutokana na tabia hiyo ilibidi wakubali kwamba pande zake mbili hazifanani, na kwamba upo upande wenye tabaka jembamba, zito, linalofanya kazi yote. Wakajifunza kuutengeneza kwa makusudi, na mtiririko ukaongezeka mara nyingi. Picha za hadubini ya elektroni zilizochapishwa mwaka 1964 zilithibitisha tabaka hilo, lenye unene usiofika mikromita moja. Mwaka uliofuata mji wa Coalinga, California, ulianza kutumia mtambo wa namna hiyo kuwapa wakazi wake maji. Katika kisa hiki macho yalifika baada ya mikono.

Udhaifu wa jadi hii unatokana na nguvu zake. Hutoa wastani. Tando mbili zinaweza kutoa namba zilezile za mtiririko na uzuiaji, huku moja ikiwa na njia nyingi nyembamba zilizosambaa sawasawa, na nyingine ikiwa na njia chache pana na eneo kubwa lisilofanya kazi. Siku ya kwanza zinalingana. Baada ya miezi sita ya maji machafu, ya pili imekufa. Kipimo kitakuambia kuwa imekufa, lakini hakitakuambia kwa nini.

Jadi ya kukata

Mtu aliyesimama kwenye daraja kati ya jadi ya kwanza na ya pili ni Richard Zsigmondy wa Göttingen. Mwanzoni mwa karne ya 20, akishirikiana na Henry Siedentopf wa kiwanda cha Zeiss, alibuni hadubini iliyoangaza chembe kutoka ubavuni, hata chembe ndogo kuliko zote zilizowahi kuonekana zikang'aa kama vumbi katika mwali wa jua. Miaka ya baadaye, mtu huyohuyo alitengeneza tando za kuchujia ambazo kiwanda cha Sartorius kilianza kuziuza mwaka 1927. Alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1925. Lakini hadubini yake ilionyesha kuwepo kwa chembe na haikuonyesha umbo lake. Ndani ya utando wake mwenyewe hakuweza kuingia.

Mlango ulifunguliwa na hadubini ya elektroni, iliyobuniwa Berlin na Max Knoll na Ernst Ruska mwaka 1931. Desturi ya maabara ilikuja kuwa hii: utando huzamishwa katika naitrojeni kimiminika mpaka ugande na kuwa rahisi kuvunjika kama kioo, kisha huvunjwa, uso wa mvunjiko hupakwa dhahabu nyembamba ili elektroni zisijikusanye, na hatimaye hutazamwa. Kinachoonekana huwashangaza hata waliokizoea. Kuna tando ambazo ndani yake zina mashimo marefu kama vidole vilivyoning'inia kutoka juu kwenda chini, na nyingine ambazo ndani ni povu lililoganda. Watengenezaji walijifunza kuhusisha umbo na mapishi yake. Polima iliyoyeyushwa ikitumbukizwa majini na kuganda haraka, vidole hutokea. Ikiganda polepole, povu hutokea. Ujuzi huo wa kusoma mvunjiko ndio uliojenga sehemu kubwa ya viwanda vya tando za leo.

Jadi ya kukata ina uwezo mwingine ninaouheshimu sana, nao ni kueleza kwa nini mbinu rahisi ya nyumbani hufanya kazi. Nchini Bangladesh, Rita Colwell, Anwar Huq na wenzao walijua kwamba bakteria wa kipindupindu hujishikiza kwenye wadudu wadogo wa majini. Wakawaomba wanawake wa vijijini wachuje maji kwa nguo ya sari iliyokunjwa angalau mara nne. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kuwa visa vya kipindupindu vilipungua kwa asilimia 48. Hadubini ya elektroni ilieleza sababu. Nyuzi za sari kuukuu iliyofuliwa mara nyingi huchanika na kutoa manyoya, na manyoya hayo huyapunguza matundu ya kitambaa. Mikunjo minne ikapata vitundu vya takriban mikromita 20, vidogo kuliko mdudu anayembeba bakteria. Kwa hiyo sari ya zamani ni chujio bora kuliko mpya. Kipimo kilionyesha kwamba watu wanaugua kidogo, na kipande kikaeleza sababu, kila kimoja kikijibu lililo lake.

Lakini kipande ni bapa. Ukiona katika mvunjiko matundu mawili yaliyotengana, huwezi kujua kama ni njia mbili au njia moja iliyopinda na kujitokeza mara mbili. Ukiona tundu pana, huwezi kujua kama linaendelea mpaka upande wa pili au linaishia gizani baada ya nusu mikromita. Na kwa maji, swali hilo ndilo la maana kuliko yote. Maji hayasafiri katika upana wa tundu peke yake. Husafiri katika muungano wa matundu. Utando unaweza kuwa na uwazi wa kutosha na bado ukawa mgumu kupitisha maji kwa sababu njia zake zimepinda mno, au kwa sababu nusu ya vitundu vyake ni vichochoro visivyo na mlango wa kutokea. Wachunguzi walilazimika kuuweka mpindo huo katika hesabu zao kama namba ya kubahatisha, iliyochaguliwa ili majibu yalingane na kipimo. Walikuwa na kipimo, walikuwa na kipande, na katikati pakawa na pengo.

Jadi ya kuzungusha

Pengo hilo lilianza kuzibwa na watu ambao hawakuwa wakifikiri juu ya maji hata kidogo. Mwaka 1917 mwanahisabati Johann Radon alithibitisha kwamba ukijua jumla ya kile ambacho miale hukutana nacho inapopita ndani ya kitu kutoka pembe zote, unaweza kukokotoa kilichomo katika kila nukta ya kitu hicho. Ulikuwa ukweli wa karatasi. Mwaka 1956, katika Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, mwanafizikia Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alipewa kazi ya muda ya kusimamia miale ya tiba, akajiuliza jinsi ya kujua miale inavyofifia ndani ya mwili usio sawa kila mahali. Bila kuijua kazi ya Radon, alitafuta hesabu yake mwenyewe, akaichapisha mwaka 1963 na 1964. Godfrey Hounsfield alijenga mashine London, na mwaka 1971 mgonjwa wa kwanza akapigwa picha. Cormack na Hounsfield waligawana Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1979.

Tawi la pili lilitoka mlemle. Aaron Klug alilelewa Durban, akasoma fizikia Cape Town katika idara ileile aliyosoma Cormack, iliyoongozwa na R. W. James. Mwaka 1968, akiwa Cambridge, yeye na David DeRosier walionyesha jinsi picha bapa za hadubini ya elektroni zinavyoweza kuunganishwa kuwa umbo la pande tatu. Tuzo yake ya Nobel, ya kemia, ilikuja mwaka 1982. Ninaukazia ukweli huu kwa sababu mara nyingi teknolojia ya kuona ndani ya vitu husimuliwa kana kwamba imeteremka kutoka Ulaya na Marekani ikiwa tayari. Mizizi yake miwili mikuu ilipita katika darasa moja la fizikia kusini mwa Afrika.

Leo jadi hii ina nyumba tatu zinapokuja tando za maji, na kila nyumba ina kimo chake cha kuona. Nyumba ya eksirei huuzungusha utando mbele ya miale bila kuuharibu, na unaweza hata kutazamwa ukiwa na maji ndani yake. Lakini uwezo wake wa kawaida huishia kwenye mikromita, na hata mashine bora kwa kawaida huishia kwenye makumi ya nanomita. Hufaa kwa tando za matundu makubwa na kwa kuona uchafu ulivyojikusanya. Nyumba ya pili hutumia mwali wa ioni za galiamu kuukwangua utando ganda baada ya ganda, kila ganda lenye unene wa nanomita kumi hivi, na kupiga picha baada ya kila mkwanguo. Baadaye picha mia kadhaa hupangwa kuwa mchemraba mmoja. Huyu ni mjukuu wa jadi ya kukata aliyejifunza kuhesabu. Huona vizuri, lakini anachokiona hakipo tena, maana kimekwanguliwa. Nyumba ya tatu, ya Klug, huinamisha kipande chembamba ndani ya hadubini ya elektroni kutoka pembe hasi ya nyuzi 70 hivi mpaka chanya ya nyuzi 70, ikipiga picha kila hatua. Hii hufika kwenye nanomita moja au mbili, yaani kwenye ulimwengu ambamo chumvi na maji hutengana.

Kila nyumba hulipa gharama. Katika ya tatu, kipande kikiinamishwa nyuzi 70, unene ambao elektroni zinapaswa kuupita hukaribia mara tatu ya ule wa mwanzo, na zaidi ya hapo hakuna kinachoonekana. Kwa hiyo pembe za mwisho hukosekana, na maumbo hujengwa yakiwa yamerefuka kidogo upande ambao macho hayakufika. Aidha polima imeundwa kwa kaboni, oksijeni na naitrojeni, elementi nyepesi zisizosimamisha elektroni, hivyo mara nyingi hulazimika kupakwa metali nzito ili ionekane. Tena elektroni zenyewe huichoma. Na hadubini nyingi hudai ombwe, jambo linalomaanisha kwamba utando uliozaliwa kwa ajili ya maji hutazamwa ukiwa mkavu, wakati vitundu vyake huenda vimejikunja. Wapo wanaougandisha ndani ya barafu ili kuuhifadhi ulivyo, na hiyo ni kazi ya uangalifu mkubwa.

Mfano mmoja ulioleta jadi zote mezani

Katika kisa kimoja jadi zote tatu zililazimika kuketi pamoja. Tando nyingi za kuondoa chumvi ulimwenguni leo zina tabaka la poliamidi, ambalo John Cadotte alilibuni miaka ya 1970 huko Marekani. Ukilitazama kutoka juu ni uwanda wa vilima vilivyokunjamana. Kwa miaka mingi wataalamu walifikiri kwamba sheria ni rahisi: tabaka jembamba zaidi, mtiririko mkubwa zaidi. Kisha vipimo vya kiwandani vikaleta kitendawili. Baadhi ya tando nene kidogo zilipitisha maji mengi kuliko nyembamba.

Jadi ya kupima ilikuwa imesema kweli, lakini haikuwa na maelezo. Jadi ya kukata ilionyesha kwamba vilima vile ni vitupu ndani, jambo lililovuruga maana yenyewe ya unene, lakini haikuweza kusema maji hupita wapi. Timu iliyoongozwa na Enrique Gomez wa Penn State na Manish Kumar wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, pamoja na watafiti wa kampuni ya DuPont, iliuinamisha utando katika hadubini ya elektroni, ikajenga ramani ya msongamano wa polima nanomita kwa nanomita, kisha ikaiachia kompyuta ikokotoe njia za maji katika ramani hiyo. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science mwanzoni mwa mwaka 2021. Kizuizi kikubwa hakikuwa unene. Kilikuwa kutolingana kwa msongamano. Pale polima ilipojazana katika fundo dogo, maji yalilazimika kuzunguka. Utando ambao msongamano wake ulikuwa sawasawa kila mahali uliwapita wenzake, na faida iliyotajwa ilikuwa asilimia 30 hadi 40 ya ufanisi.

Utaratibu ulikuwa huu: namba za mtiririko zilianzisha swali, picha ya pande tatu ikatoa maelezo, na hesabu ya mtiririko ndani ya picha hiyo ikarudi kulinganishwa na namba za mwanzo. Picha isingekuwa na mtiririko wa kujibu, ingebaki kuwa pambo la jarida. Na mtiririko usingekuwa na picha, kitendawili kingebaki kitendawili.

Kusoma picha ni kuhariri

Jadi ya kuzungusha hukumbwa na kishawishi ambacho jadi nyingine hazinacho. Mche wa rangi unaozunguka kwenye skrini, matundu ya buluu na polima ya kijivu, una nguvu ya kuaminisha. Mtazamaji husahau kwamba rangi zile zimechaguliwa na mtu. Kinachotoka kwenye mashine ni ukungu wa vivuli vya kijivu. Lazima mtu aamue kivuli kipi ni polima na kipi ni uwazi. Akisogeza mpaka huo kidogo tu, njia mbili zilizokuwa zimetengana huungana, au njia iliyokuwa wazi hufungwa. Na vitundu vilivyo vidogo kuliko nukta ndogo ya picha havionekani kabisa, ingawa maji yanavijua.

Msomaji wa Kiswahili ana jadi yake inayomsaidia kuielewa hatari hii. Wahariri wa tenzi za kale waliopokea maandishi ya hati za Kiarabu walikutana na herufi moja iliyoweza kusomwa p au b, alama moja iliyoweza kuwa e au i, na m au n zilizoachwa bila kuandikwa mbele ya konsonanti. Wahariri wawili waaminifu, wenye nakala ileile, waliweza kutoa mistari miwili tofauti. Hatuwaiti waongo. Tunamwamini yule anayesema wazi alichagua nini, kwa sababu gani, na usomaji mwingine ungekuwaje. Na tunampa uzito zaidi yule ambaye mizani ya ubeti inamuunga mkono, kwa kuwa mizani haiwezi kubembelezwa. Picha ya utando inahitaji uadilifu uleule. Mchunguzi aandike mpaka wake wa kijivu aliuweka wapi na matokeo yanabadilikaje ukisogea, naye akubali kwamba mtiririko uliopimwa ndio mizani. Mche wa rangi usiolingana na maji umesomwa vibaya, hata ukipendeza namna gani.

Kwa maji yetu

Mlinganisho huu una maana ya moja kwa moja kwa Afrika Mashariki. Katika maeneo ya Arusha na kandokando ya Mlima Meru, maji ya visima na chemchemi hubeba floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na maji ya vijiji vingi huko hukipita kikomo hicho. Yanatia meno madoa na kwa muda mrefu hudhoofisha mifupa. Wataalamu wa Tanzania wamepambana na hali hiyo kwa mkaa wa mifupa, ambao ni chujio la vitundu kama yalivyo mengine. Askwar Hilonga, akiwa katika Taasisi ya Nelson Mandela jijini Arusha, alibuni chujio la mchanga lililotiwa chembe za nano, linalorekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika, na mwaka 2015 akapata Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi. Msingi wa kazi hiyo ni wa jadi ya kwanza: anza na maji ya watu hawa, ya hapa, kisha tengeneza chujio linaloyajibu.

Ninaloliona kuwa pengo ni hili. Picha nyingi za pande tatu za tando huchukuliwa kwa tando mpya, zilizojaribiwa kwa maji ya maabara yaliyotiwa chumvi ya kawaida. Utando uliokufa kijijini, uliozibwa na utelezi wa bakteria, na chokaa, na udongo mwekundu, hutupwa jalalani. Lakini huo ndio wenye habari. Ndani yake imeandikwa ni tundu lipi lilianza kuziba, uchafu ulisimama kwa kina gani, na kama tatizo lilikuwa mapishi ya utando au matibabu ya maji kabla hayajaufikia. Eksirei inaweza kuyasoma hayo bila kuukata.

Kikwazo cha vyombo ni cha kweli. Bara la Afrika halina hata kituo kimoja cha sinkrotroni, mitambo mikubwa inayotoa miale mikali ya eksirei, ingawa wanasayansi wa bara hili wamekuwa wakikitafuta kwa miaka. Kituo cha SESAME nchini Jordan, kilichozinduliwa mwaka 2017 kwa ushirikiano wa nchi za Mashariki ya Kati, ni mfano wa jinsi mataifa ambayo mengi si tajiri na hayapatani katika kila jambo yanavyoweza kuchangia mtambo mmoja, na tayari kina mstari wa miale uliotengwa kwa ajili ya picha za pande tatu. Tena kazi nzito ya kusoma picha haihitaji mtambo huo uwe jirani. Programu kama ImageJ ni ya bure, na mwanafunzi wa Dar es Salaam au Nairobi mwenye kompyuta nzuri anaweza kuuchambua mche uliopigwa picha mbali naye, akajaribu mipaka yake mwenyewe ya kijivu na kukokotoa mtiririko wake.

Kwa hiyo nazipanga jadi hizi hivi. Jadi ya kupima iwe hakimu, maana ndiyo pekee inayosimama upande wa mnywaji. Jadi ya kukata iwe shahidi wa haraka, kwa sababu ni nafuu na vyuo vyetu vinaimudu. Jadi ya kuzungusha iwe mfasiri wa yale ambayo jadi mbili za kwanza haziwezi kuyaeleza, na iitwe pale penye kitendawili, kama ilivyoitwa katika kisa cha poliamidi. Kila picha ya pande tatu inayochapishwa iambatane na maji yake: yalitoka wapi, yalikuwa na nini, yalipita kwa kasi gani, na nini kilibaki upande wa pili. Vyuo vya Arusha, Nairobi, Kampala na Dar es Salaam tayari vina maji hayo na vina tando zilizokufa ndani yake. Vikizihifadhi, vikaziandikia historia yake na kuzipeleka kwenye miale, vitakuwa vimeleta katika elimu hii ushahidi ambao maabara tajiri zenye maji safi haziwezi kuutengeneza.